Raia Hapangwi Mafungu

Kijiweni Mtaa wa Kongo, mzee mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akapiga paja. "Ukimpa mgeni uraia, mtawanye. Wakikaa pamoja watafanya nchi ndani ya nchi." Kijiwe kizima kikaitikia. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Jambo hilo tumekwisha kulijaribu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku, na kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe. Walipoulizwa mwaka 2007 wanataka kurudi kwao au kubaki, kati ya watu 218,000 hivi, wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Maombi ya uraia ya watu 162,000 yakakubaliwa. Kwa hilo naipongeza serikali yetu kwa moyo wote.

Lakini mlango huo ulitiwa komeo: hupati cheti cha uraia mpaka uhame makazi hayo ya wakimbizi, uende kuanza upya katika mmojawapo wa mikoa 16. Mtu aliyezaliwa Katumba, mwembe wake unazaa, kaburi la baba yake liko nyuma ya nyumba, aache vyote akaombe shamba kwa watu asiowajua! Fedha hazikutosha, mikoa ya kuwapokea haikuandaliwa, na mwaka 2011 mpango ukasimama. Watu waliotakiwa kuukana uraia wa Burundi wakabaki mikono mitupu.

Hofu ya mzee naielewa. Ila kilichowatenga watu wale hakikuwa ujirani wao. Ni kibali. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka makazini bila karatasi ya mkuu wa makazi. Unamfungia mtu ndani, kisha unamlaumu kwamba hachanganyiki?

Hapa Kariakoo, Wamanyema walitoka Kongo, wakakaa pamoja, wakajenga msikiti wao, wakaoana na Wazaramo. Nani leo anawaita wageni?

Hata vijana wetu wanaotafuta njia ya Kanada wanajua kwamba jimbo la kule humteua mhamiaji kwa sababu linamhitaji, na akishapata ukaazi wa kudumu, sheria haimfungi humo. Sisi tulitaka kumng'oa mkulima mahali ambapo alikwisha hitajika, na tulitaka kumng'oa akiwa amekwisha kukubaliwa uraia, wakati Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Ibara hiyo haichagui raia wa kuzaliwa na wa kuandikishwa.

Oktoba 2014 sharti la kuhama liliachwa, na Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti. Nilipomweleza mzee hayo, alinyamaza kidogo, akauliza: "Na wakiwa wengi huko, wakatushinda kura?"

"Watakuwa wamepiga kura, mzee wangu. Kama mimi na wewe."