Kabla ya kustaafia Diani, subiri upewe jembe

 

Mezani pangu juma hili pana barua kutoka Ujerumani. Aliyeiandika ni mzaliwa wa Nairobi, aliyekwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akakaa. Sasa ana miaka 62 na anajiandaa kustaafu. Raha yake kubwa ni baiskeli ya mlimani, ile yenye matairi mapana na gia nyingi. Kila Jumamosi huipandisha vilimani mpaka jasho limtoke. Desemba iliyopita yeye na mkewe walikuja Diani kwa majuma mawili, na huko akaonyeshwa kiwanja. Anauliza kama atoe pesa. Mwisho wa barua ameongeza neno moja: mkewe hajasema ndiyo wala la.

Mzee mwenzangu, usitoe hata senti bado. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hapo Diani ulikuwa bado katika zile siku mbili. Uliandaliwa, ukastarehe, ukaondoka. Jembe hujalishika, na bila jembe huwezi kujua shamba lina mawe.

Tuanze na hiyo baiskeli. Mchezo huu ulizaliwa katika vilima vya Marin, California, miaka ya 1970, na ukaingia Olimpiki mwaka wa 1996 huko Atlanta. Hapa kwetu, David Kinjah alimfundisha kijana Chris Froome katika vilima vya Kikuyu, na mwaka wa 2013 kijana huyo akashinda Tour de France. Utaona kwamba Kikuyu ni nchi ya baridi. Kusini mwa pwani mlima wako wa kwanza ni joto. Saa nne asubuhi hewa imejaa unyevu, na shati limekwisha kukuganda mwilini. Mwendesha baiskeli wa Kwale hutoka alfajiri, na kabla jua halijakuwa kali awe amerudi kwake anakunywa chai.

Vilima vipo, na ni vizuri. Ukitoka Ukunda kurudi upande wa Likoni, ukifika Kombani unakunja kushoto, na barabara inapanda hadi mji wa Kwale. Vilele vya Shimba Hills hupita mita 400 juu ya bahari, na huko juu upepo ni wa kuburudisha. Lakini usifananishe hifadhi hiyo na Hell's Gate kule Naivasha, ambako watu huendesha baiskeli kati ya pundamilia. Shimba Hills kuna ndovu na nyati. Kuna pia palahala, ambaye katika Kenya nzima huishi hapo tu. Ukitaka kuingia, nenda langoni ukaulize kwanza. Nyati hababaishwi na kengele ya baiskeli.

Huku chini, baina ya minazi na mikorosho, njia za vijijini ni tamu kuendesha. Hata hivyo, kuna mahali mchanga humeza tairi, na karibu na bahari mawe ya matumbawe hukata mpira kama wembe. Chumvi ya bahari nayo hula mnyororo na spoki. Jifunze kuosha baiskeli kwa maji baridi, kuikausha na kuitia mafuta kila urudipo. Mafundi wa baiskeli hawakosekani, na kiraka utabandikwa chini ya mwembe ukipiga gumzo. Lakini breki na gia zile za kisasa, vipuri vyake uje navyo.

Jambo jingine ni heshima. Wenyeji wa hapa ni Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Ile kaptura ya kubana inayovaliwa na waendeshaji, ifunike kwa suruali pana unapopita mbele ya msikiti au kisimani. Ukikuta wazee barazani, shuka uamkie. Msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, hauingiliwi na baiskeli. Huko utakwenda kwa miguu pamoja na mwenyeji, nawe utavishwa kaniki.

Sasa tuje kwenye makao. Nakuwekea mahali patatu.

Diani na Ukunda kuna maduka, kliniki, kiwanja kidogo cha ndege na wageni wa kila taifa. Utapata wenzako wa kuendesha nao. Ila barabara kuu ina magari mengi yanayokimbia, na visima vilivyo karibu na bahari huwa na maji ya chumvi. Mji wa Kwale una ubaridi, soko, na ofisi za kaunti. Lakini kila ukishuka pwani, jioni yakungoja kupanda. Leo una miaka 62 na unacheka. Je, ukifika 78? Msambweni, kilomita kama 25 kusini mwa Ukunda, ni mji mtulivu. Ardhi ni tambarare, na ndipo ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Upungufu wake ni kwamba jioni huwa kimya, na anayependa maduka makubwa atachoka upesi.

Ushauri wangu ni kwamba vilima uvipande kwa matembezi, lakini ulale tambarare. Chagua nyumba ambayo ukiwa mzee wa kweli utaweza kufika sokoni na kwa daktari kwa baiskeli ya kawaida, taratibu, bila kuvuka barabara kuu. Kwa kipimo hicho mimi naipa Msambweni nafasi ya kwanza. Lakini usiniamini mimi. Kodi nyumba mwaka mzima, na mwaka huo usikose mwezi wa Mei. Desemba uliyoiona ni ya bahari shwari. Mei ni masika yenyewe: njia zinakuwa tope, mbu wanaimba, umeme unapotea, na bahari iliyokuwa samawati inageuka rangi. Ukiipenda Kwale ya Mei, basi umeipenda kweli.

Na hicho kiwanja? Kwanza jiulize wewe ni raia wa wapi. Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwake. Katiba hiyo inampa mzaliwa haki ya kuurudisha kwa kutuma maombi, na tangu Juni 2024 Ujerumani nayo inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Mpaka uurudishe, sheria inakuhesabu mgeni. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hupata ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Hata ukiuziwa kwa maneno ya milele, itahesabiwa kuwa miaka 99.

Halafu tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Akague rekodi katika ofisi ya ardhi, na kama ni shamba la kilimo, aombe idhini ya bodi ya ardhi. Nawe upande baiskeli yako uende kiwanjani siku ya kazi, peke yako, bila dalali. Salimia majirani. Uliza nani analima hapo na makaburi yale ni ya nani. Kusini mwa pwani kuna watu waliozaliwa na kuzika wazazi wao katika mashamba ambayo hati zake zina majina ya wengine. Usije ukanunua nyumba ya uzee juu ya machozi ya mtu.

La mwisho ndilo la kwanza. Mkeo hajasema ndiyo wala la. Mzee mwenzangu, hilo ni jibu. Wewe utakuwa na vilima vyako asubuhi. Yeye atakuwa na nini? Atakaa na nani wewe ukiwa Kombani unahema? Mwulize, kisha unyamaze usikie. Na ule mwaka wa kukodi, achague yeye nyumba.

Nawe msomaji uliye Nairobi au Mombasa, usidhani barua hii haikuhusu. Baba yako huenda ana kiwanja moyoni ambacho mama hajakiona. Waulize leo mezani.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.