Mbeba Boksi Naye ni Mtumishi

Kipindi cha wiki iliyopita kilituletea ujumbe mwingi wa sauti, ila mmoja umenikaa kichwani hadi leo. Dada mmoja, msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anasema anapangiwa zamu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, masaa 12 kila siku. Kanisani anafika mara moja moja. Kiongozi wa kikundi chake akamuuliza, "Sasa wewe unamtumikia Mungu lini?" Dada akakosa jibu, akatuletea swali sisi.

Hewani tulikimbizana na muda, kwa hiyo namjibu hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma. Mchungaji ni mtumishi wa Mungu. Anayekuletea chai mgahawani ni mhudumu, anayembadilishia mgonjwa shuka wodini ni mhudumu, na muumini akiwa na karama tunasema "ana huduma". Lugha yetu haikujenga ukuta hapo. Ukuta tumeujenga sisi. Kanisani kwetu huku Minnesota, ikitangazwa "watumishi wasimame", wanasimama mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya, na vijana wa vyombo. Mama yangu hasimami. Huu ni mwaka wake wa 19 wa kuwageuza wagonjwa usiku. Jumapili anatoka zamu moja kwa moja, anakaa benchi la nyuma, na mahubiri yakianza anasinzia. Watu wanamtania, kwa upendo tu. Ila ukweli ni kwamba mwanamke yule hajatoka kulala. Ametoka kutumika.

Biblia inasemaje? Waliosoma Kiebrania wanatuonyesha kwamba kwenye Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini ailime, kitenzi cha kulima ndicho kile kile kinachotumika kwenye kitabu cha Kutoka, Mungu anapomtaka Farao awaache Waisraeli waende wakamtumikie nyikani. Kulima na kuabudu, shina moja: avad. Na neno letu "ibada" tumelipata kwa Waarabu, ambao lugha yao ni ndugu na Kiebrania, na shina ni hilo hilo. Halafu angalia mpangilio: kazi ilikuja sura ya 2, dhambi ikaja sura ya 3. Kilichoongezwa na dhambi ni miiba na jasho.

Yesu mwenyewe watu wa kwao walimjua kama seremala, soma Marko 6:3. Luka anasema alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kufundisha. Paulo alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, Matendo 18. Na sisi tuliolelewa KKKT hatuna kabisa kisingizio, maana Martin Luther mwaka 1520 aliandika wazi kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi yake na wadhifa wake, na wote wamewekwa wakfu sawasawa na kasisi. Zimepita zaidi ya miaka 500, bado tunamuuliza dada wa watu anamtumikia Mungu lini.

Nadhani tatizo letu lina jina: boksi. Wazazi wetu waliita kazi za huku "kubeba boksi", na kwenye neno hilo kuna kicheko na kuna aibu. Mtu alikuwa mhasibu Dar, huku anapanga mizigo ghalani. Mtu alikuwa mwalimu Moshi, huku anaosha wazee. Sisi watoto tumekuzwa na wimbo mmoja: "Soma mwanangu, usije ukabeba boksi kama mimi." Maneno ya upendo hayo, nayaheshimu. Ila yalitufundisha pia kwamba kazi ya mama ni adhabu ya kupitia, na Mungu anapatikana Jumapili kuanzia saa nne.

Sasa twende kwenye hiyo nyumba ya wazee, saa tisa usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulala, na kidonda kikishafika ndani kinaweza kumuua. Kila ukimgeuza unaandika kwenye rekodi. Msimamizi yuko ghorofa nyingine. Familia imelala majumbani. Mgonjwa mwenyewe pengine hawezi kusema. Unaweza kuandika "amegeuzwa" bila kunyanyuka kitini, na asubuhi hakuna atakayejua. Mama aliniambia hivi: "Pale ndipo najua kama nimeokoka au naimba tu." Kolosai 3:22-23 inazungumzia jambo hilo hilo: usifanye kazi kwa sababu ya macho ya watu, fanya kama unayemfanyia Bwana. Jamani, kama hiyo si ibada, basi ibada ni nini?

Ila hapa lazima nikanyage breki, maana nawajua watu watakaolishika neno hili na kulitumia vibaya. "Fanya kazi kama kwa Bwana" ni maneno matamu sana mdomoni mwa bosi asiyetaka kulipa. Na Paulo pale Kolosai alikuwa anasema na watumwa, watu wasiokuwa na hiari ya kuacha kazi. Tusisahau. Lakini pia tusiishie mstari wa 23. Geuza ukurasa, sura ya 4 mstari wa 1: mabwana nao wanaagizwa kutoa haki na usawa, kwa sababu wao wenyewe wana Bwana mbinguni. Yakobo 5:4 anakwenda mbali zaidi, anasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele na Mungu anasikia.

Huku Marekani tuna mfano wa karibu. Martin Luther King alizoea kuhubiri kwamba hata ukiwa mfagia barabara, fagia kwa ustadi wako wote. Wengi wetu tunaijua sehemu hiyo. Sehemu ya pili tunaisahau. Februari 1968 kule Memphis wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mashine ya gari lao la taka. Wenzao kama 1,300, karibu wote weusi, wakagoma, wakabeba mabango yaliyosema wao ni binadamu. King akaenda kusimama nao, na huko huko Memphis akauawa tarehe 4 Aprili. Aliyewaambia wafagizi wafagie vizuri ndiye aliyekufa akitaka walipwe vizuri. Kwake yalikuwa mahubiri mamoja.

Kwa hiyo, wapendwa, wale wa kwetu wenye kampuni za kutunza wagonjwa majumbani, hili linawahusu. Sheria ya shirikisho ya tangu 1938 inataka wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa walipwe mara moja na nusu kwa masaa yanayozidi 40 kwa wiki. Huwezi kumwita mtu "dada yangu katika Kristo" Jumapili, halafu Ijumaa unampunja ovataimu yake kwa kuwa ni mgeni na hajui aulize wapi. Na wewe unayepunjwa, kudai haki yako hakukufanyi uwe mlalamishi asiye na imani. Tunza karatasi za zamu zako, uliza, omba msaada.

Jingine ni mapumziko. Wapo wanaosikia "kazi ni ibada" wakaongeza kazi ya tatu. Hapana. Aliyetupa kazi ndiye aliyeamuru siku ya kupumzika, na kwenye Kutoka 20 mapumziko hayo yanawafikia watumishi, wageni, hata mifugo. Kama Jumapili yako imeliwa na zamu, tafuta Jumanne yako. Lala. Soma Neno. Kula na watoto. Na kikundi cha kanisa kikufuate siku hiyo, badala ya kukuhesabia siku ulizokosa.

Mimi nakaa ofisini, nashughulikia madai ya bima ya afya. Hakuna wa kunigeuza wala wa kumgeuza, kuna faili tu na namba. Lakini nyuma ya kila namba kuna mtu anasubiri kujua kama upasuaji wake utalipiwa. Swali la saa tisa usiku lipo na kwangu pia: je, hili dai nimelisoma, au nimelipitisha tu ili nimalize idadi ya leo? Tofauti yangu na mama ni kiti na mshahara. Bwana ni mmoja.

Sasa jibu langu kwa dada yetu. Aliyekuuliza unamtumikia Mungu lini, mjibu kwa upole na heshima: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa moja jioni. Usimkasirikie, mwalike tu aje akuone kazini kama wanaruhusu wageni. Ibada ya pamoja bado unaihitaji, usiiache, kaa la moto likitengwa na mengine linazima. Ila usiingie kanisani kama mtu mwenye deni.

Na kwa wachungaji wanaotusoma, ninaomba jambo dogo. Jumapili moja, kabla ya kuwaita waimbaji, waulizeni waliotoka zamu usiku ule wasimame. Madereva, wapanga mizigo, wasafishaji, wasaidizi wa wauguzi. Waombeeni kwa kazi zao, kwa majina yao, kama mnavyomwombea mwinjilisti anayesafiri. Na kama kuna mmoja benchi la nyuma amesinzia, msimwamshe. Mwombeeni hivyo hivyo alivyo.

Haya, kazi njema. Unayeingia zamu leo usiku, Mungu akutangulie, na barabarani nenda taratibu, theluji imeganda.