UKUMBI WA VITABU: Watoto Katika Roshani ya Mahakama



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, tulifuatwa na mama mmoja katika jamaa zetu, mkononi ana kitabu alichokifunga kwa mpira kana kwamba yaliyomo yangeweza kutoroka. Binti yake wa miaka kumi na mitatu amepewa kitabu hicho skuli. Mama alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba ndani mna kesi ya kubaka. La pili ndilo lililomwuma zaidi. Wanafunzi husoma kwa sauti, kwa zamu, na lile neno la matusi walilokuwa wakiitwa watu weusi wa Marekani, linaloanza na herufi N, limejaa humo tele. Kila linapotamkwa, darasa zima humgeukia binti yake, kwa kuwa mweusi darasani ni yeye peke yake. Mama alitaka tumsaidie kuandika barua ya kumwondoa mtoto katika somo hilo.

Kitabu chenyewe ni *To Kill a Mockingbird* cha Bi Harper Lee. Tulimwomba mama atupe wiki mbili kabla ya barua, tukakisoma upya. Tulikwisha kukisomesha zamani, na tulidhani tunakijua. Tuligundua kwamba tulichokuwa tukikikumbuka ni nusu yake tu, na nusu hiyo ni ile nyepesi.

Bi Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na akafariki mwaka 2016. Baba yake alikuwa wakili. Mwaka 1919 mzee huyo aliwatetea watu weusi wawili walioshtakiwa kwa mauaji, na wote wawili wakanyongwa. Riwaya ya binti yake ilitoka mwaka 1960, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1962 ikafanywa filamu. Wakati huo katika sehemu kubwa ya majimbo ya kusini mtu mweusi alikuwa bado hasomi skuli moja na Mzungu, na akitaka kujiandikisha kupiga kura huwekewa vikwazo chungu nzima. Sheria za kuyakomesha hayo zilipitishwa mwaka 1964 na 1965.

Hadithi inasimuliwa na Scout, mtoto wa kike ambaye inapoanza hajatimiza miaka sita. Mama yake amekufa. Anaishi na kaka yake Jem, baba yao Atticus Finch ambaye ni wakili, na Calpurnia, mpishi wao mweusi aliyewalea. Ni miaka ya 1933 hadi 1935, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Nusu ya kwanza ni michezo ya watoto. Jirani yao mmoja hatoki nje ya nyumba yake, nao wamemtungia visa vya kutisha kama vile watoto wa kwetu walivyokuwa wakimtungia ajuza wa nyumba ya mwisho mtaani. Mtu huambiwa maovu ya jirani asiyemjua, akayaamini, akayakuza. Mwandishi anatuonyesha kwanza jambo hilo katika mchezo, kisha analipeleka mahakamani, ambako halichekeshi tena.

Tom Robinson, kijana mweusi mwenye mke na watoto watatu, ameshtakiwa kwa kumbaka msichana wa Kizungu, Mayella Ewell. Atticus amepewa kazi ya kumtetea. Ushahidi hauna utata. Msichana alipigwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo yamkini aliyempiga alitumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Baba wa msichana ndiye anayetumia mkono wa kushoto. Hata hivyo watu kumi na wawili wa jopo la mahakama, Wazungu watupu, wanamtia Tom hatiani, na baadaye anapigwa risasi na askari wa gereza alipojaribu kukimbia.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya kubuni tu. Mwaka 1931, katika jimbo hilo hilo la Alabama, vijana tisa weusi walishtakiwa kwamba waliwabaka wanawake wawili wa Kizungu ndani ya gari moshi. Haikupita hata miezi miwili, wanane kati yao walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo katika mji wa Scottsboro. Mwaka 1933 mmoja wa wanawake wale aliikana shutuma yake mbele ya mahakama, na bado jopo likamtia mshtakiwa hatiani. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwazuia watu weusi kuingia katika majopo ni kinyume cha katiba. Hawakunyongwa, lakini walikula miaka ya gerezani, na msamaha wa mwisho ulitolewa na jimbo mwaka 2013, wote wakiwa wamekwisha kufa.

Tungependa kukaa kidogo na Calpurnia, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wa ughaibuni watakapojiona wenyewe. Jumapili moja anawachukua Scout na Jem katika kanisa la watu weusi, lililonunuliwa kwa fedha za kwanza walizochuma watumwa walipoachwa huru. Vitabu vya nyimbo hamna, na vingekuwamo visingefaa kitu, kwani wanaojua kusoma ni wanne tu. Mmoja wao, mtoto wa Calpurnia, husoma mstari na waumini huupokea kwa sauti. Scout anashangaa kusikia kwamba Calpurnia akiwa huko huongea lugha ya wenziwe, na akiwa nyumbani kwao huongea lugha ya Wazungu. Anamwuliza kwa nini, iwapo anajua iliyo sanifu. Calpurnia anamfahamisha kwamba kuwaongelea watu wake lugha ya Wazungu kungekuwa ni kujikweza juu yao, na mtu hapendi kuonyeshwa kwamba wewe unajua zaidi. Wale wanaobadili lugha mlangoni wanapovua viatu, Kiingereza kikabaki barazani na Kiswahili kikaingia ndani, watamwelewa bibi huyu kuliko anavyoelewa Scout. Mtoto yule amekaa naye maisha yake yote na hakuwahi kufikiri kwamba ana maisha mengine nje ya jiko lao. Usafi wa moyo wa kitoto una ujinga wake pia, na mwandishi hakuuficha.

Lakini una nguvu zake. Usiku mmoja kabla ya kesi, kundi la wanaume linafika gerezani kumtoa Tom wamwue bila ya hukumu. Atticus amekaa mlangoni peke yake, anasoma gazeti. Scout anajipenyeza katikati yao, hajui limekuja kufanya nini kundi lile. Anamwona mmoja anayemfahamu, Bwana Cunningham, mkulima fukara aliyewahi kumlipa baba yake kwa kuni na mboga kwa kukosa fedha. Anamsalimu. Anamwuliza hali ya kesi yake ya ardhi, anamwambia kwamba anasoma na mwanawe na amfikishie salamu. Kimya. Mwisho mtu yule anachuchumaa, anamshika mabega mtoto, anamjibu, kisha anawaambia wenziwe waondoke. Tumelisoma tukio hili mara nyingi na bado linatutikisa, kwa kuwa mtoto hakumhubiria mtu. Alimtaja kwa jina lake na akamkumbusha mwanawe, kama tunavyofundishwa kuuliza: hujambo, watoto hawajambo, nyumbani hawajambo. Kundi halina jina wala mtoto, ndiyo maana huweza kuua.

Siku ya kesi watoto hawapati nafasi chini, wakapanda katika roshani wanakokaa watu weusi, na huko watu wanne wakasimama kuwapisha. Dill, rafiki yao, anaangua kilio. Hakulia kwa hukumu, ambayo ilikuwa bado. Alilizwa na namna mwendesha mashtaka alivyomsemesha Tom kwa dharau, akimwita kijana kama aitwavyo mtwana. Mtu mmoja nje ya mahakama anasema kwamba Dill akikua kidogo hatalia tena. Sisi tuliofika miaka sitini na ushei tunajua kwamba alisema kweli.

Na sasa tuje kwa mwalimu. Katika darasa la Scout, Bibi Gates anawafundisha watoto habari za Hitler na mateso anayowatesa Mayahudi, naye anasikitika kwa dhati. Anawaambia kwamba nchini mwao hakuna kuteswa mtu. Scout anakumbuka kwamba siku ya kesi, wakishuka ngazi za mahakama, alimsikia mwalimu huyo huyo akisema kwamba ni wakati watu weusi watiwe adabu, maana sasa watadhani wanaweza hata kuwaoa Wazungu. Mtoto anamwendea kaka yake na swali: yawezekanaje mtu amchukie Hitler kiasi hicho, kisha awe mbaya kwa watu wa mji wake? Hapewi jibu. Jem anamfokea.

Zamani tuliipita sura hiyo mbio mbio, maana haikuwa ikiulizwa katika mtihani. Safari hii ilitukaba. Katika miaka ya 1980 tulikuwa na mwanafunzi aliyetoka bara, Kiswahili chake kizito, na siku moja aliposoma mbele ya darasa wenziwe wakamcheka matamshi yake. Na sisi tulicheka. Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumetoa somo la ubaguzi wa Afrika ya Kusini, na ubaoni limeandikwa kwa mkono wetu. Kijana hakusema kitu. Hakusoma tena kwa sauti mpaka mwisho wa mwaka, na sisi tulimwacha, tukijiambia kwamba ana haya.

Na hapa ugenini je? Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba Mzungu akitutazama haoni ila rangi. Akija mposaji katika nyumba zetu, ana dini yake, ana kazi yake, huulizwa kwanza asili yake, na wapo wanaoulizana pembeni habari za nywele zake. Abu Dharr alipomtukana mtu kwa mama yake mweusi, na wengi husimulia kuwa mtu huyo ni Bilal, Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba bado anao ujahilia ndani yake. Abu Dharr alikuwa katika Waislamu wa mwanzo kabisa.

Tulikaa na binti yule jioni tatu, mama yake yupo, tukasoma naye. Kuhusu kesi ya kubaka, mwandishi amelisema jambo kwa stara, na mtoto wa miaka kumi na mitatu katika nchi hizi amekwisha kusikia mabaya zaidi ndani ya basi. Jioni ya tatu aliuliza: "Babu, Tom ana watoto watatu. Mbona hawasemi chochote?"

Tulinyamaza. Ndiyo kasoro kubwa ya kitabu hiki, na kuna wahakiki weusi wa Marekani walioisema kabla yake. Watu weusi ndio wanaofikwa na msiba, lakini tunauona msiba huo kwa macho ya mtoto wa wakili wa Kizungu, na wao wenyewe kazi yao ni kuvumilia na kushukuru. Tom tunamsikia kwa kirefu siku moja tu, kizimbani. Atticus amepambwa hata akawa kama walii, na waliosoma *Go Set a Watchman*, kitabu cha pili cha mwandishi huyo kilichotoka mwaka 2015 ingawa kiliandikwa kabla, walishtuka kumkuta akihudhuria mkutano wa Wazungu wanaopinga usawa. Sisi hatukushtuka sana. Mtu aweza kumtetea mmoja kwa haki na akawaogopa elfu.

Barua ya kumwondoa mtoto hatukuiandika. Tulimwambia mama kwamba akimtoa, darasa litasoma bila yeye, na hapo hatakuwapo hata mmoja wa kuuliza swali kama lile. Badala yake tulifuatana naye kwa mwalimu, kijana mwungwana, tukamwomba neno lile lisitamkwe kwa sauti, na watoto waambiwe kwanza historia yake. Alisema hakupata kulifikiria, akakubali. Mama hakuridhika yote. Alisema njiani kwamba darasa litaendelea kumtazama binti yake hata neno lisipotamkwa, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Binti tumemwazima *Roll of Thunder, Hear My Cry* cha Mildred D. Taylor, kilichotoka mwaka 1976. Humo ni mwaka 1933 vile vile, jimbo la Mississippi, na msimulizi ni Cassie Logan, mtoto mweusi wa miaka tisa ambaye wazee wake wanapigania wasinyang'anywe ardhi yao. Nakala yetu ni hiyo moja, haina jalada. Anayeitaka baada yake na amwambie mama wa watoto, atamwandika katika daftari.