Kompyuta za msaada: tuulize kwanza zinatumia Windows ipi

Shule yetu imeahidiwa kompyuta nyingine za msaada kutoka Ulaya. Wazazi wanashangilia, nami nafurahi, lakini walimu wenzangu wananiona mkorofi ninapouliza: zinatumia Windows ipi?

Sisi tuliosomea ukimbizini Kigoma tulizoea kupokea kilichotolewa bila kuuliza. Kwa blanketi sawa, lakini kwa kompyuta haifai.

Wengi hudhani virusi huletwa na uzembe wa mtumiaji tu. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kiliingia katika kompyuta za Windows XP zilizokuwa zimeunganishwa na intaneti tu, mwenyewe hajafungua chochote. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilitolewa Julai, ila wengi hawakukiweka. Agosti 2004 Microsoft ikatoa sasisho kubwa, Service Pack 2, lililowasha faiawoli, yaani mlinzi wa mlangoni, bila kusubiri mtumiaji aombe. Mlinzi huyo alikuwamo ndani ya XP tangu 2001, ila alikuwa amelala! Hata virusi vya flashi, vilivyotutesa walimu kila tulipopeleka mitihani kuchapishwa, vilipata pigo Februari 2011, pale sasisho lilipozuia programu zilizomo kujiendesha zenyewe.

Kwa hiyo usalama uliletwa zaidi na masasisho kuliko mahubiri yetu darasani. Mei 2017 WannaCry ilivuruga hospitali za Uingereza, ilhali dawa yake ilikuwa imetolewa Machi.

Sasa, masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kuongezewa muda hujiandikisha, tena kwa kipindi maalumu. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama na prosesa ambazo mashine nyingi kuukuu hazina. Nahisi ndiyo sababu ofisi za wenzetu zimekuwa karimu ghafla.

Sisemi tuzikatae zote. Nyingi zinaweza kuwekewa Linux, kama Ubuntu, ambayo ni ya bure na bado inasasishwa. Mkuu wa shule amwandikie mfadhili aulize umri wa mashine, na wizara igharimie bando la kupakulia masasisho, maana hayo hayaji kwa hewa. Barua hiyo iandikwe kabla kontena halijapakiwa. Likishafika bandarini Dar es Salaam, nani atalipia nauli ya kulirudisha?