Je, Elimu ni Adui wa Dini?

Mwezi huu twataka kusema neno juu ya ugomvi ulioingia katika mabaraza yetu, na hata katika nyumba za sala, nao ni ugomvi wa elimu na dini. Huku kwetu Sitalike haukuanza kwa vitabu. Ulianza kwa mto.

Kila msafiri aliyepita katika daraja la mto Katuma amewaona viboko wetu. Wazee walizoea kuwaona wamezama, pua na masikio tu juu ya maji. Sasa, wakati wa kiangazi, maji huisha, na viboko husongamana katika madimbwi ya tope, huyu juu ya huyu, ngozi zao zikipasuka kwa jua. Watu husimama darajani wakitazama, na hapo maneno huanza. Mzee mmoja asema kuwa mto umekauka kwa sababu vijana wameuacha mkwaju wa Katabi, wala hawapeleki tena sadaka chini yake. Mkristo mwenzetu ajibu: La, ni dhambi za watu, tusali, wala tusiulize mengine. Kijana aliyetoka masomoni awacheka wote wawili, asema: Hapa hapana mzimu wala Mungu, kuna pampu na mifereji huko juu, basi. Kisha wote hutugeukia sisi walimu, wakasema: Haya, ninyi mliosoma, elimu na dini, nani mkweli?

Twajibu waziwazi kwamba swali lenyewe limepinda. Anayeuliza hivi amekwisha kuamini kuwa mmoja hana budi kuwa mwongo. Nasi twasema kuwa elimu ya kweli na dini ya kweli hazijagombana hata siku moja. Wanaogombana ni mjinga anayejiita mcha Mungu na mwenye kiburi anayejiita msomi.

Wako watu wa dini nyingine ambao wamelifanya neno hili kuwa fundisho lao kubwa, nao ni Wabahai. Dini yao ilitokea katika nchi ya Uajemi katika karne ya 19. Mwalimu wao mkuu, Baha'u'llah, alizaliwa Tehran mwaka 1817, akafungwa na kuhamishwa nchi kwa nchi kwa ajili ya mafundisho yake, akafa karibu na mji wa Akka mwaka 1892. Mwanawe, Abdu'l-Baha, alisafiri Ulaya na Marekani toka mwaka 1911 hata 1913 akiyaeleza mafundisho hayo. Kwetu Tanganyika dini hiyo ililetwa mwaka 1951 na Claire Gung, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani. Mwaka 1961 wakafungua hekalu lao la kwanza katika Afrika, juu ya kilima cha Kikaya karibu na Kampala. Lina pande tisa, na mtu wa dini yo yote aweza kuingia na kusali.

Nao hufundisha nini? Husema kwamba Mungu aliyetoa ufunuo ndiye huyo huyo aliyempa mwanadamu akili. Kwa hiyo kweli ya huku haiwezi kupigana na kweli ya kule. Dini ikikataa jambo lililokwisha kuthibitishwa na akili, hugeuka ushirikina. Na elimu ikiachana na dini, hugeuka tamaa ya vitu. Mambo haya mawili huyafananisha na mabawa ya ndege: kwa bawa moja haruki.

Twajua wako watakaonung'unika, wakisema: Mbona gazeti la Kikristo lawasifu Wabahai? Ndugu zetu, sisi si Wabahai. Wao humhesabu Bwana Yesu kuwa mmoja katika wajumbe wengi wa Mungu, tena baada yake wameweka mwingine. Hapo tumeachana nao, wala hatufichi. Lakini mtu akikuita usiku kukuonya kwamba paa la nyumba yako lawaka, humwulizi kwanza alibatizwa wapi. Neno lao ni la kweli, nasi tungelistahili kulisema kwa sauti kubwa kuliko wao, maana limetendwa karibu yetu kabla hata mguu wa Mbahai haujakanyaga Tanganyika.

Tazameni Karema, huko magharibi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1889 aliingia huko kijana mweusi aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa kubwa, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, kisha akajifunza utabibu katika kisiwa cha Malta. Alikaa Karema hata alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Kazi zake zilikuwa mbili: alikuwa tabibu, na alikuwa mkatekista. Mikono iliyosafisha vidonda ndiyo iliyofanya ishara ya msalaba. Hatujasikia kuwa aliona haya kwa dawa zake mbele ya Mungu, wala kwa Mungu wake mbele ya dawa. Basi anayesema kuwa elimu na imani haziwezi kukaa katika moyo mmoja, na aende Karema akaulize habari zake.

Sasa tuwageukie wale wawili wanaogombana, na kwanza yule wa nyumba yetu, ndugu asemaye: Nina imani, sihitaji elimu.

Ndugu, wewe wakaa mpakani mwa Hifadhi ya Katavi. Wamjua ndorobo kwa kuumwa naye. Mwanzo wa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa katika Busoga na kandokando ya ziwa kubwa. Waliokuwa wakisinzia na kukonda na kufa hawakujua kilichowaua. Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake, huko Entebbe, walionyesha kwamba vijidudu vya ugonjwa huo huchukuliwa na ndorobo kutoka damu ya mmoja hata damu ya mwingine. Leo, ukiona vile vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyotundikwa porini, ujue kuwa ni mitego, kwa maana rangi hizo humvuta nzi huyo. Je, aliyeligundua jambo hili alimwibia Mungu kitu? Alisoma tu ukurasa mmoja wa kazi ya Mungu ambao sisi hatukuusoma.

Tena tukumbuke mwaka 2011. Mchungaji mstaafu, marehemu Ambilikile Mwasapile, alisema kuwa Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto. Naye akawapa watu kikombe kimoja kimoja kwa shilingi 500, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Maelfu walikwenda toka kila upande wa Tanzania na nje yake, kwa kuwa ilisemwa kikombe kile huponya UKIMWI, na kisukari, na saratani. Wako wagonjwa waliofia njiani wakingoja zamu yao, na wako walioacha vidonge vya hospitali kwa kudhani wamekwisha kupona. Hatumhukumu moyo mzee yule, Mungu amjua. Lakini twasema neno moja, nalo likumbukwe. Mtu akisema, Mungu amenifariji, hapana mizani ya kupima neno hilo. Akisema, kikombe hiki kimeondoa UKIMWI katika damu, amesema jambo la damu, na damu hupimwa. Na apimwe, kisha tuamini. Kukataa kupima kwa kisingizio cha imani si imani. Ni hofu ya kuonekana uongo. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Liko na baya zaidi, nalo twalisema kwa huzuni. Katika nchi yetu, hasa magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria, wako bibi wazee waliouawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mpiga ramli asema, huyu ndiye mchawi. Usiku nyumba yavunjwa. Jamani, macho yale yamewekundishwa na moshi! Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, akipuliza kuni mbichi, atakuwa na macho ya rangi gani? Moshi ule ulipika chakula chetu sisi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, huhesabu kuwa kosa kumtaja mwenzio kwamba ni mchawi. Walakini wako watu wasalio nasi Jumapili ambao Jumatatu humwendea mpiga ramli. Watu hao elimu hawana, na dini hawana pia, maana kama wangalikuwa na moja tu ya hizo mbili, bibi yule angali hai.

Basi je, tumwache kijana msomi aende zake akishangilia? Hata kidogo. Zamu yake imefika.

Mwanangu, umesema kweli kuhusu mto, nasi twakusifu. Wataalamu wameufuata Katuma, wakaona kuwa katika kiangazi maji yake huzuiwa na kuchepushwa huko juu kwenda katika mashamba ya mpunga, hata kwetu yakafika matone, au yasifike kabisa. Wala hasara si ya viboko peke yao, maana mto huu huendelea hata Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na mwisho wake ni Ziwa Rukwa. Hilo halikuonyeshwa na mkwaju wala na ndoto. Limeonyeshwa na watu waliotembea na kupima. Lakini sasa tujibu swali letu: ukiisha kujua, maji yamerudi? Mwenye banio naye ajua. Tena huenda ajua kuliko wewe, kwa kuwa ndiye aliyelijenga. Ajua kuwa chini yake kuna watu na wanyama wenye kiu, na hata hivyo hafungui. Ni kipimo gani cha maabara kitakachomwambia kwamba jirani wa chini ni ndugu yake? Elimu yaweza kukuonyesha maji yalikokwenda. Haiwezi kukupa moyo wa kuyaachia. Hapo ndipo dini ina kazi yake, na hapana mwingine wa kuifanya badala yake.

Wala usidhani kuwa elimu ikiwa peke yake haidhuru. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, ikawakusanya katika vijiji vikubwa ili kuwaepusha na malale. Shauri hilo lilitoka katika elimu ya kweli, na roho za watu ziliokoka. Lakini watu waliachishwa mashamba yao, na mizinga yao ya nyuki, na makaburi ya baba zao, kwa amri na si kwa mashauri. Aliyejua habari za nzi hakuona haja ya kujua habari za mtu. Elimu bila upendo huweza kukuponya mwili huku ikikudharau.

Atauliza mtu: Na elimu na Maandiko vikionekana kupingana, tumsikilize nani? Twajibu hivi. Jambo la kuhesabiwa, na kupimwa, na kuonekana kwa macho, liachiwe wanaohesabu na kupima, nasi tusione haya kusema, hatukujua. Jambo la haki na dhuluma, la huruma na ukatili, la kuishi kwa nini na kufa kwa tumaini gani, liletwe mbele ya Mungu. Wala mganga asijitie katika mambo ya damu kwa jina la Mungu, wala msomi asijitie kutuambia kwamba Mungu hayupo kwa kuwa hakumwona katika hadubini. Hezekia alipokuwa mgonjwa aliomba, kisha nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Msamaria alikuwa na huruma, lakini pia alikuwa na mafuta na divai mkononi. Huruma bila mafuta ingalimwacha yule majeruhi akitoka damu. Na mafuta bila huruma yangalipita upande wa pili wa njia.

Basi twawasihi. Ninyi wazee wa kanisa, mtu akija na homa mwombeeni, kisha mshikeni mkono mpaka zahanati siku ile ile. Akitajwa bibi kuwa mchawi, simameni mlangoni pake kabla ya usiku kuingia. Kisha mkatoboe dirisha katika jiko lake, na katika majiko ya wake zenu. Ninyi vijana wasomi, msicheke sala za mama zenu. Zilizolipa karo zenu ni jembe na sala. Ninyi wenye mashamba huko juu ya mto, mnaosali Mungu yule yule tunayesali sisi, fungueni mabanio kwa zamu, sote tunywe. Nasi walimu tuache uoga. Darasani tusiufiche uwezo wa elimu kwa kuwaogopa wazee, wala kanisani tusimfiche Mungu kwa kuwaogopa wasomi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiangazi kikirudi tutasimama tena pale darajani. Maji yakiwapo, hapana atakayeuliza tena nani mkweli. Na yasipokuwapo, tusiseme kuwa ni Katabi, wala tusiseme kuwa ni Mungu. Tuseme: Tulijua, tukasali, wala hatukutenda.