Shahada ya uuguzi: anza na cheti cha kidato cha nne

Dirisha la udahili likikaribia, wauguzi wenye stashahada hapa Bweri huniuliza: ni chuo gani kinatoa shahada ya haraka? Wamesikia Marekani mtu anamaliza kwa miezi 12 hadi 18. Ni kweli, ila kozi hizo ni za aliyekwisha kuwa na shahada nyingine. Kwetu ya kawaida ni miaka minne. Anayekuahidi njia ya mkato, muulize kama kozi yake inatambuliwa na TCU na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Wengi hukwamia wasipotegemea. Una GPA ya 3.0, leseni hai na miaka mingi wodini, lakini chuo kinarudi hadi kidato cha nne: Kemia, Biolojia, Fizikia, mara nyingi na Hisabati na Kiingereza. F ya Hisabati haifutwi na uzoefu. Kwangu huo ni ukali uliopitiliza kwa mtu anayekokotoa dozi za watoto kila siku, tena wakati WHO inahesabu upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani mwaka 2023. Lakini ndiyo sifa zinazodaiwa.

Kwa hiyo usisubiri dirisha. Mtihani hufanyika Novemba. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie somo lililokuangusha, uombe mwaka unaofuata. Kama umeajiriwa, omba mapema ruhusa ya masomo kwa maandishi. Nimeona muuguzi amepata chuo, barua ya ruhusa ikachelewa, nafasi ikapotea.