Tuacheni Tuvuruge Mashine

Wanafunzi wenzangu, hivi mpaka lini tutashika kompyuta kama yai? Chumba chenyewe hukaa na kufuli, eti tutaharibu. Sikubaliani.

Dawa ipo, tena ya bure. Inaitwa Multipass, ya kampuni ya Canonical, walewale walioanza kutoa Ubuntu mwaka wa 2004 (jina lenyewe ni utu wetu wa Kibantu). Unaandika amri moja:

multipass launch --cloud-init darasa.yaml

Basi! Kompyuta bandia ya Linux inazaliwa ndani ya ile ya shule. Faili hiyo ya darasa hutaja watumiaji na programu zinazotakiwa, nayo mashine hujipanga yenyewe inapowaka mara ya kwanza. Ukiivuruga, unaifuta na kuunda nyingine. Ya shule haiguswi.

Kweli, mwanzoni inakula bando, na usipoielekeza vingine huchukua gigabaiti 1 ya kumbukumbu, kwa hivyo mashine kuukuu zitajikokota. Lakini faili ni mistari michache tu. Sisi wa kutwa twaweza kuibeba kwa flashi toka Thika hadi Ruiru, tuendelee nyumbani kwa yeyote mwenye kompyuta.

Walimu wetu, twaomba mashine mbili tu, na ufunguo kila Ijumaa saa kumi.